Waya wa Kufungulia Boneti ya Pikapu ya Zamani

Katika mkoa wetu wa Singida, toka Manyoni hata Iramba, na toka Itigi hata Mkalama, pikapu si chombo cha anasa. Ndiyo ichukuayo magunia ya alizeti kwenda kukamuliwa mafuta, na vitunguu kwenda sokoni, na mabati ya shule, na mapipa ya maji wakati wa kiangazi. Na mtu akiugua usiku kijijini, ndiyo pikapu hiyo hiyo itandikwayo godoro nyuma ili kumpeleka hospitali. Kwa hiyo habari ya pikapu moja ni habari ya kijiji kizima, wala si ya mwenyewe peke yake. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji, hasa wazee wa vijiji, waalimu wenye kutunza magari ya shule, na vijana wenye mikono ya ufundi, jambo moja dogo lenye faida kubwa, yaani jinsi ya kutia waya wa kufungulia boneti kutoka ndani, mahali akaapo dereva.

Boneti ni ule mfuniko wa bati ulio juu ya injini. Katika pikapu za siku hizi dereva huvuta kishikio kidogo kilicho chini ya dashibodi, na boneti ikaachia. Asiyeingia ndani ya gari hawezi kuifungua. Lakini nyingi za zamani sivyo zilivyo. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam katika mwezi wa Aprili 1948. Ilikusudiwa hasa kwa wakulima, na mkulima hutaka kufika kwenye injini upesi. Basi zile za aina ya kwanza, ya pili na ya tatu, ambazo za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1985, hufunguliwa boneti kwa nje, upande wa mbele. Toyota Land Cruiser za jamii ya 40, zilizotengenezwa tangu 1960 hata 1984, nazo zina vibano vya nje. Wala magari hayo hayajaisha duniani. Katika mwezi wa Oktoba 2024 Land Rover nyingi sana, za kale na za kisasa, zilikusanyika mjini Arusha, na watu wakashangaa kuona zile kuukuu zikitembea kwa nguvu zake zenyewe.

Sasa, mahali palipo na mlango usio na kitasa, mwizi hahitaji ufundi. Natufanye mfano. Pikapu ya kijiji imelala nje ya nyumba. Usiku mtu mmoja mwenye spana moja tu anainua boneti, anafungua nati mbili, anachukua betri na kwenda zake. Wala mbwa hakubweka. Saa nane za usiku mama mwenye uchungu wa kuzaa analetwa, na hospitali ya Makiungu au ya Kiomboi iko mbali. Dereva anageuza ufunguo, gari kimya. Je, hasara hapo ni bei ya betri? La, hasara ni kubwa kuliko betri mia. Ndiyo sababu twasema kwamba waya huu mwembamba wastahili kuandikiwa habari.

Lakini kabla ya kununua kitu cho chote, mwenye gari ajiulize maneno matatu. Kwanza, je, milango ya gari yake hufungwa kwa ufunguo? Ikiwa mlango hauna kitasa, au juu ni turubai tupu, kutia kishikio ndani ni kumhamishia mwizi kazi yake hatua mbili tu. Atengeneze milango kwanza. Pili, je, betri iko chini ya boneti? Baadhi ya Land Rover zina betri chini ya kiti, na hapo boneti si mlinzi wake. Tatu, je, loki yenyewe ya boneti ni nzima? Waya hauponyi loki iliyolika. Loki mbovu hubadilishwa, ndipo waya utiwe.

Mwingine atasema, "Mimi nitatia mnyororo na kufuli, yatosha." Kweli, kufuli ni rahisi, na kwa gari lililolala laweza kufaa. Lakini siku injini itakapotoa moshi njiani, dereva atatafuta ufunguo mfukoni huku mikono ikitetemeka, na kufuli limejaa vumbi. Waya hufungua kwa mvuto mmoja.

NAMNA WAYA UFANYAVYO KAZI

Wengi wamekwisha kuuona waya wa namna hii pasipo kuufikiri. Tazameni baisikeli. Zile za zamani, kama Phoenix, breki zake huvutwa kwa vyuma vilivyonyoka, na chuma kilichonyoka hakiwezi kupita kona. Zile zenye gia breki zake huvutwa kwa waya uliomo ndani ya ala, kama kisu kilivyo katika ala yake. Ala hiyo ni chuma chembamba kilichosokotwa mfano wa springi na kuvikwa plastiki. Yaweza kupindwa, lakini haifupiki. Kwa hiyo ukiishika ala imara mwanzo na mwisho, kisha ukauvuta waya wa ndani, mvuto wote hufika upande wa pili, hata kama njia imepinda. Mtu mmoja, Ernest Monnington Bowden, alipata hati ya uvumbuzi wa waya huu mwaka 1896.

Katika maelezo hayo mna kanuni tatu, na asiyezishika atafanya kazi mara mbili. Ya kwanza, ala isiposhikwa imara katika ncha zake mbili, waya hauvuti kitu. Ala yenyewe ndiyo itakayocheza. Ya pili, kila pindo huongeza msuguano, na pindo kali huvunja waya. Ya tatu, waya huvuta tu, hausukumi. Kwa hiyo loki haina budi kuwa na springi yake yenyewe ya kuirudisha mahali pake kila unapokiachia kishikio.

KUITAZAMA LOKI

Fungua boneti, uiegemeze kwa mti imara, usitumaini chuma chake cha zamani. Ondoa waya wa hasi wa betri. Kisha itazame loki. Utaona vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kimoja ni loki kubwa, ishikayo boneti isiinuke. Cha pili ni ndoana ya salama, ambayo huidaka boneti ikiwa loki kubwa imeachia.

Waya ufungwe kwenye loki kubwa tu. Kamwe usifungwe kwenye ndoana ya salama. Hiyo ndoana yapasa kubaki ya kufunguliwa kwa vidole, mtu akiwa amesimama mbele ya gari. Sababu yake ni hii. Pikapu ikiwa katika mwendo, mtoto aliyekaa mbele aweza kukivuta kishikio kwa mchezo, au goti la mtu likakigusa. Ndoana ikiwapo, boneti huinuka upana wa kidole tu, na dereva huona na kusimama. Ndoana isipokuwapo, upepo huingia chini ya boneti, huitupa juu, na kuigongesha kwenye kioo. Dereva asiyeona mbele, akiwa katika mteremko wa Sekenke na magari ya mizigo nyuma yake, hana msaada. Ikiwa gari lako halina ndoana ya salama, au imevunjika, hiyo itiwe kwanza.

Sasa ifunge loki kwa bisibisi huku boneti ingali juu, kana kwamba boneti imeshuka. Isukume kwa kidole upande wa kufungua, uone mambo mawili. Je, huenda upande gani? Na huenda umbali gani mpaka iachie? Upime umbali huo kwa rula na kuuandika. Kishikio utakachonunua lazima kivute zaidi ya umbali huo, maana sehemu ya mvuto hupotea katika ulegevu wa waya.

KUCHAGUA WAYA NA NJIA YAKE

Si lazima waya uwe mpya. Waya wa boneti wa gari jingine lililokufa, pamoja na kishikio chake, wafaa sana ikiwa wa ndani hauna kutu wala uzi uliokatika. Kuupima urefu, usitumie macho. Chukua kamba, uilaze katika njia ile ile waya utakamopita, toka kwenye dashibodi hata kwenye loki, pamoja na mapindo yote. Kisha uongeze shubiri moja. Waya mfupi hauna dawa. Mrefu kidogo huzungushwa kwa upole.

Kishikio kikae chini ya dashibodi, upande wa mlango wa dereva, ambao kwetu ni upande wa kulia. Kiwe mbali na pedeli, kisije kikanaswa na kiatu. Kisifungwe kwenye bati jembamba tupu, kwa kuwa mkono ukivuta kwa nguvu bati hupinda; weka kipande cha chuma nyuma yake, ndipo ukaze nati.

Katika chumba cha injini njia ya waya ifuate ubavu wa bodi. Isipite karibu na ekzosi, maana plastiki itayeyuka. Isipite mbele ya feni wala mkanda wake. Isiguse vyuma vya usukani, wala vya klachi, wala vya aksileta. Waya uliolegea ukanasa aksileta ni mauti. Na usipite juu ya kichwa cha betri, wala ubavuni mwa waya mnene wa kuwashia injini. Ala ni chuma, na plastiki yake ikilika na kugusa penye umeme, cheche zitaruka na gari litawaka. Mapindo yawe mapana, yasipungue shubiri kutoka upande mmoja wa duara hata wa pili. Fungia ala kwa vibanio kila baada ya futi moja hivi, lakini usiibane hata ikabonyea.

KUPITISHA WAYA UKUTANI

Kati ya injini na dereva pana ukuta wa bati. Tazama kwanza kama pana tundu la zamani lisilotumika, au tundu la nyaya lenye nafasi. Likiwapo, litumie. Lisipokuwapo, itakupasa kutoboa kwa keekee. Kabla ya kutoboa, tazama pande zote mbili za ukuta. Wengi hutoboa upande mmoja wakakuta wamekata bomba la breki upande wa pili. Bomba la breki lina thamani kuliko boneti.

Tundu likiisha kutobolewa, lainisha kingo zake kwa tupa, upake rangi kuzuia kutu, kisha utie raba inayolingana nalo. Ukikosa raba ya dukani, kata pete ya mpira mnene. Raba ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuilinda ala isikatwe na makali ya bati, kwa kuwa gari hutikisika siku zote. Ya pili yasahauliwa na wengi, nayo ni kuzuia moshi wa injini usiingie ndani. Katika moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo tundu lisiachwe wazi hata kidogo, hasa katika gari libebalo wagonjwa na watoto.

Kabla ya kuupitisha waya, uning'inize na kumwagia matone machache ya mafuta mepesi kwa juu, mpaka yatokeze chini. Nchi yetu ina vumbi jingi tangu Mei hata Oktoba, na waya mkavu hukwama upesi.

KUUNGA NA KUJARIBU

Kaza ala kwenye kishikio, na upande wa pili uikaze kwa kibanio imara karibu na loki, ili waya uvute sawa na upande ule loki iendako. Waya ukivuta kimshazari, loki itasuguana na kukwama. Kisha unga waya wa ndani kwenye mkono wa loki kwa kibano chenye skrubu, kama kile kishikacho waya wa breki ya baisikeli. Usiukaze waya mpaka ukawa kama uzi wa zeze. Acha ulegevu mdogo, kama unene wa sarafu mbili. Bodi la pikapu hujinyonga katika barabara mbovu, na waya uliokazwa sana utavutwa na bodi lenyewe, na loki itaachia bila mtu kugusa kitu.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo mafundi wengi huliruka, na wenye magari huja kulia baadaye. Kabla hujaishusha boneti hata mara moja, funga waya wa pili, wa akiba, kwenye mkono ule ule wa loki. Uushushe chini mpaka mahali pa siri panapofikiwa na mkono wa mtu aliyelala chini ya gari, lakini pasipoonekana kwa apitaye. Huo ndio mlango wako wa nyuma. Maana siku waya mkubwa utakapokatika, nawe huna wa akiba, utajikuta umefungiwa nje ya injini yako mwenyewe, rejeta ikichemka, na pengine itakubidi kukata bati. Mahali hapo pa siri pajulikane kwa dereva na mwenye gari tu.

Kisha jaribu. Boneti ikiwa bado juu, funga loki kwa bisibisi na kuvuta kishikio. Fanya hivyo mara kumi. Kila mara loki iachie yote, na ukiachia kishikio irudi yote. Ikisitasita hata mara moja, tafuta sababu, usiseme "itazoea." Jaribu na waya wa akiba vile vile. Ndipo uishushe boneti polepole, mwenzako akiwa mbele, uvute tena. Mwisho, ondoka kwa mwendo mdogo katika barabara ya mashimo, usimame, utazame kama boneti imekaa sawa na kama waya haujasogea. Yote yakiwa mema, ndipo uondoe kishikio cha zamani cha nje au vibano vyake, na kuziba nafasi iliyobaki. Anayeondoa cha nje kabla ya kujaribu cha ndani amekata ngazi akiwa juu ya mti.

UTUNZAJI

Boneti ifunguliwe walau mara moja kila juma, nayo ni desturi njema, kwa sababu hapo ndipo dereva atazamapo maji na mafuta. Loki isafishwe vumbi na kupakwa grisi kidogo, si nyingi, maana grisi nyingi hukusanya mchanga. Kishikio kikianza kuwa kizito, hiyo ni habari: waya unakatika uzi mmoja mmoja, au ala imebonyea. Usingoje ukatike. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na ikiwa umekwisha kukatika karibu na kishikio, usichukue nondo na kuvunja. Shika uzi uliobaki kwa koleo na kuuvuta, huku mtu wa pili akiikandamiza boneti kwa viganja kwa mbele. Kukandamiza huko huipunguzia loki uzito, na mara nyingi huachia kwa urahisi. Ikishindikana, tumia waya wa akiba.

Kazi hii yote, kwa kijana mwenye spana, keekee, tupa na subira, ni kazi ya siku moja. Kwa kijiji chenye pikapu moja tu ni vema mzee wa kijiji amwite dereva na fundi, watazame pamoja, na waandike katika daftari la gari siku waya ulipotiwa na siku ulipotiwa mafuta. Mwalimu naye aweza kuwaonyesha wanafunzi wake kanuni ile ya waya na ala kwa baisikeli iliyo uani. Wataielewa upesi kuliko ubaoni. Na usiku ule mgonjwa atakapoletwa mlangoni, dereva atageuza ufunguo, na injini itaitika.